Wapeni Wenyewe Mkononi

Kila janga linapotupata Kenya, uwe ukame au mafuriko, hutolewa ushauri mmoja kwa sauti ya busara, na karibu kila mtu huuitikia. Usitume pesa zako kwa vikundi vidogo visivyojulikana. Zipeleke kwa shirika kubwa lenye jina, lenye malori, maghala na wakaguzi wa hesabu, maana hao ndio wanaoijua kazi. Vikundi vya mashinani havina uwezo. Mwenyekiti atazila. Tena ukianza kuichangia jamii fulani kwa jina lake, utaingiza ukabila katika jambo la utu.

Wanaosema hivi si watu wabaya; wengi wao ndio wa kwanza kutia mkono mfukoni. Lakini ushauri wao ni mbaya, na wanaoumia kwa ubaya huo ni walewale: Waelmolo wa Ziwa Turkana, Waendorois na Wailchamus wa Baringo, Waogiek wa Mau, Waaweer wa msitu wa Boni kule Lamu, Wamunyoyaya wa Mto Tana. Mimi nashikilia kwamba mchango wa dharura ukikusudiwa kuwafikia watu hawa ni lazima upitie kwenye vikundi vyao wenyewe, vilivyokuwepo kabla ya janga na vitakavyobaki baada yake. Na hoja zinazotolewa kulipinga jambo hilo, ukizichunguza moja moja, zinawahusu wakubwa kuliko zinavyowahusu wadogo.

Ukarimu wetu hauna shaka. Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa Somalia na Turkana ikiwa katika dhiki kubwa, kampeni ya Kenyans for Kenya iliwaomba wananchi shilingi milioni 500 kwa muda wa mwezi mmoja. Wakazitoa, wakakipita kiwango hicho, wengi wao kwa simu ya mkononi na kwa vijisenti walivyokuwa navyo. Nchi inayoweza kufanya hivyo haihitaji kuhubiriwa kuhusu kutoa. Inachopaswa kujiuliza ni njia ambayo pesa hizo hufuata zikishatoka mkononi mwake.

Shirika kubwa, hata liwe na nia njema kiasi gani, likiingia mahali lisipopajua humtafuta anayepajua kwa mujibu wa serikali: kamishna wa kaunti, chifu, naibu wa chifu, mwakilishi wadi. Orodha inaandikwa. Ili jina lako liingie kwenye orodha hiyo, unahitaji kitambulisho, au simu, au mtu wako kwenye kamati, au angalau uwe karibu na kituo siku ya kuandikishwa. Mchungaji aliyehamisha ng'ombe mwendo wa siku kadhaa kutafuta malisho hayupo siku hiyo. Nyanya aliyeachiwa wajukuu na mbuzi wachache hakuwahi kupata kitambulisho, kwa sababu kwa miaka mingi wakazi wa kaunti za mpakani kaskazini walilazimika kusimama mbele ya kamati ya kuwahoji na kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya. Agizo la kuufuta utaratibu huo lilitolewa Februari 2025 tu. Na jamii kama Waelmolo, waliohesabiwa 1,104 katika sensa ya 2019 ndani ya kaunti ya Marsabit yenye watu zaidi ya laki nne na nusu, haiwezi kumchagua mwakilishi wadi kwa kura zake peke yake. Nani atagonga meza kwa niaba yao mgao unapopangwa?

Kisha kuna wale ambao orodha yenyewe huwaona kama kosa. Novemba 2023 mvua za El Niño zilikuwa zinazoa nyumba na barabara kutoka Mandera hadi Tana River, na nchi nzima ilikuwa inazungumza juu ya waathiriwa wa mafuriko. Mwezi huohuo Waogiek wa Sasimwani, kaunti ya Narok, walikuwa wanatolewa msituni na makazi yao kubomolewa, miaka sita baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuamua kwamba ardhi ya Mau ni ya mababu zao. Walilala nje katika mvua ileile. Afisa aliyemwondoa mtu asubuhi kwa jina la mvamizi atamwandika jioni kwa jina la mwathiriwa? Msaada unaotegemea sahihi ya ofisi hiyo unampita mtu huyo, na unampita bila mtu yeyote kuiba hata blanketi moja. Hapo ndipo watetezi wa njia ya kawaida wanaponichosha. Wao huwaza wizi tu, kana kwamba mfumo usioibiwa ni mfumo unaofika.

Katiba yetu ya 2010 ililiona jambo hili mapema kuliko wafadhili. Ibara ya 260 inazitaja waziwazi jamii zilizotengwa: zile zenye watu wachache, zile za kiasili zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya, na wafugaji, wawe wa kuhamahama au waliotulia mahali pamoja lakini wakabaki kando ya uchumi wa nchi. Ibara ya 204 ikaunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ili maji, barabara, afya na umeme vifike kule ambako havikufika. Hazina hiyo yenyewe imesuasua kwa miaka, jambo la aibu. Lakini kuwepo kwake ni ungamo la kisheria kwamba njia ya kawaida haikuwafikia watu hawa wakati wa amani na mvua nzuri. Ni kwa mantiki gani basi tunadai itawafikia wakati daraja limevunjika?

Tuje kwenye kile kinachobebwa. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na ripoti ya serikali ya 2021 ilieleza kwamba zaidi ya watu 370,000 walihitaji msaada kwa sababu ya maji hayo. Kule Komote, kijiji cha Waelmolo kilichokuwa kimeshikana na nchi kavu, maji yalizunguka hadi pakawa kisiwa. Makaburi ya wazee wao yakazama. Bomba lililowaletea maji matamu likaharibika, na maji ya Ziwa Turkana yana chumvi na floridi hata mtu hawezi kuyategemea kwa kunywa. Watoto wa kwenda shule wakawa ni wa kuvuka kwa mashua ziwa lenye mamba. Sasa chukua furushi la kawaida la msaada: unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, blanketi, ndoo. Unga huo utapikwa kwa maji gani? Jamii ya wavuvi iliyozungukwa na maji inahitaji mashua, injini, nyavu na bomba jipya, na haihitaji mtaalamu kutoka mbali kuligundua hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wafugaji nao yaliwapata katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini, na kufikia mwisho wa 2022 Wakenya zaidi ya milioni nne walikuwa hawana chakula cha kutosha. Mfugaji anajua kwamba chakula cha mtoto wake ni maziwa, na kwamba nyasi na maji kwa mbuzi wawili wanaokamuliwa, vikija mapema, vinamwokoa mtoto huyo na mbuzi pia. Akisubiri orodha hadi mbuzi wafe, atapewa mahindi, na mwaka unaofuata atapewa mahindi tena, kwa sababu sasa hana kitu. Kikundi cha akina mama wa manyatta kikiwa na pesa mkononi mwezi wa pili wa kiangazi hununua nyasi. Shirika kubwa wakati huo bado linaandika tathmini.

Sasa wizi, maana hoja hii ndiyo inayowanyamazisha watu. Vikundi vidogo vina wezi. Sina haja ya kulificha hilo. Kuna mwenyekiti anayeandika majina ya wanawe, na kuna mweka hazina anayehamia mjini. Lakini anayetumia jambo hilo kututisha ni lazima atujibu kuhusu Ethiopia, ambako mwaka 2023 Marekani na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walilazimika kusitisha msaada wa chakula nchi nzima baada ya kugundulika kwamba ulikuwa unaporwa kwa kiwango kikubwa. Mamilioni ya watu wasio na hatia wakakaa miezi bila mgao. Atujibu kuhusu Haiti pia. Baada ya tetemeko la Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500, na miaka mitano baadaye waandishi wa ProPublica na NPR wakakuta nyumba sita za kudumu zilizojengwa nao. Shirika lilijitetea kwamba liliwasaidia watu kupata makazi kwa njia nyingine, na huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini Mhaiti wa kawaida hakuwa na mahali pa kwenda kuuliza pesa zile zilikokwenda. Ilibidi waandishi wa habari wa Marekani waulize kwa niaba yake.

Tofauti hasa iko hapo. Mweka hazina wa kikundi cha Wailchamus akiezeka nyumba kwa mabati mapya wiki mbili baada ya mchango kuingia, ataulizwa kisimani. Ataulizwa kanisani, ataulizwa na mama mkwe wake. Mashinani, mwizi anaishi na aliowaibia. Ukaguzi wa aina hiyo hauna mhuri, lakini haumpi mtu nafasi ya kujificha nyuma ya tarakimu, na haugharimu chochote.

Na tuhesabu pia kile kinacholiwa kihalali. Pesa ya msaada hupitia makao makuu Ulaya au Marekani, ikashuka ofisi ya kanda Nairobi, ikashuka kwa shirika mshirika, na kila ngazi inakata mishahara, kodi ya ofisi na magari. Utafiti wa taasisi ya The Share Trust wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba wenyeji wakiisimamia kazi hiyohiyo gharama hupungua kwa asilimia 32. Wakubwa wenyewe wanayajua haya. Mei 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walitia sahihi ahadi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za dharura zingekwenda kwa wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2022 kilichowafikia moja kwa moja kilikuwa asilimia 1.2. Hicho ndicho kipimo cha imani ambayo mfumo huu unayo kwa watu unaosema unawasaidia.

Watasema: ni kwa sababu hawana uwezo. Hii ndiyo hoja ninayoikataa kwa hasira kuliko zote, na nitataja jamii mbili tu. Waendorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria kuanzia 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Baraza lao la ustawi, kikundi cha wanakijiji, lilishirikiana na wanasheria, likaipeleka serikali ya Kenya mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 likashinda kesi iliyoweka msingi wa haki za ardhi za watu wa asili barani kote. Waogiek nao, kupitia shirika lao la OPDP na washirika wake, walianza malalamiko mwaka 2009 yaliyofika mahakamani Arusha. Wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Kwa miaka yote hiyo walikusanya ushahidi wa wazee, wakachora mipaka ya ardhi, wakatunza nyaraka, wakaitisha mikutano bila kusambaratika, dhidi ya serikali yenye mawakili wa kulipwa. Watu hao hao ndio tunaambiwa hawawezi kutunza daftari la mablanketi.

Wanachokosa si uwezo, ni karatasi zinazotakiwa na mfadhili: pendekezo la mradi kwa Kiingereza cha ofisini, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ripoti ya kurasa 40 kwa pesa zisizotosha kununua injini ya mashua. Masharti hayo yalitungwa na watu waliokuwa wanajilinda wao, kisha anayeshindwa kuyatimiza akaitwa dhaifu. Mfadhili anaweza kuyabadilisha leo. Ripoti inaweza kutolewa kwa mdomo barazani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji, ikarekodiwa kwa simu. Hakuna sheria ya Kenya inayokataza.

Hoja ya ukabila naiheshimu zaidi, kwa kuwa Marsabit imezika watu wengi kwa sababu ya uhasama wa jamii, na mahali kama hapo gunia moja la mahindi likipelekwa vibaya linaweza kuwa sababu ya bunduki. Lakini wanaoitoa hudhani mgao wa sasa hauna kabila. Unalo. Kamati ya mgao inayoundwa kwa wingi wa kura ina kabila la wengi. Kituo cha usambazaji kikiwekwa sokoni kina kabila la wenye soko. Tunachokiita usawa ni wingi uliovaa koti la serikali. Kuitaja jamii ndogo kwa jina ni kusahihisha mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja, na Katiba yenyewe imezitaja. Dawa ya hatari iliyopo ni uwazi: kikundi kinachopokea kitangaze kiasi mbele ya majirani zake, na palipo na uhasama, vikundi vya pande zote mbili vipokee siku moja, kiasi kikisomwa kwa sauti. Wazee na wanawake wanaoshughulikia amani kule wanajua namna ya kulifanya hilo kuliko afisa wa mkataba wa miezi sita.

Kuna kazi ambazo kikundi cha kijiji hakiziwezi, na sitadanganya. Hakina helikopta ya kumtoa mtu juu ya mti mto unapofurika. Hakiwezi kuleta chanjo ya kipindupindu wala kuendesha hospitali ya muda. Kazi hizo zibaki kwa wenye vyombo, na wachangiwe kwa ajili ya kazi hizo. Lakini sehemu kubwa ya msaada haihusu helikopta. Ni kujua nani hajala, nani amejifungua jana, nani ana mlemavu ndani, nani alikuwa na ng'ombe na sasa hana. Wabora wana utaratibu wa buusa gonofa, ambao ukoo huutumia kumpa mifugo mtu aliyepoteza yake, ili asimame tena kama mfugaji asiwe ombaomba. Huo ni mfumo wa msaada wa dharura, wenye sheria, wachangiaji na walengwa wanaojulikana, na ulikuwepo kabla ya shirika lolote la kigeni kutia mguu kaskazini. Udhaifu wake ni mmoja: ukame ukiwa wa nchi nzima, wa kutoa na wa kupokea wote wanabaki mikono mitupu. Pesa kutoka nje ingeuziba mwanya huohuo, lakini sisi tunajenga mfumo mwingine kando yake na kuuacha wa wenyeji ufe.

Wanaodhani haiwezekani kwa ukubwa waitazame Sudan. Vita vilipolipuka Aprili 2023 na mashirika mengi makubwa kuondoka Khartoum, vijana wa mitaa waliunda vyumba vya dharura na majiko ya pamoja, wakawalisha watu na kuwatibu chini ya mabomu. Pesa nyingi ziliwafikia kutoka kwa ndugu zao walio ughaibuni, kwa simu. Hawakusubiri kuthibitishwa na mtu.

Na mwaka 2025 tuliona ule uimara wa wakubwa tuliousifia. Rais wa Marekani alitia sahihi agizo tarehe 20 Januari, misaada ya nje ikagandishwa. Kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Miradi iliyokuwa imedumu kwa miongo katika kaunti kame ilifungwa kwa barua pepe, magari yakarudishwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani. Vikundi vya wanawake wa Samburu na Baringo havikwenda popote, kwa sababu kwao ni huko.

Ninachodai si kigumu. Mfuko wowote wa maafa utakaofunguliwa nchini utenge robo ya makusanyo, ile robo iliyoahidiwa Istanbul, kabla ya mgao wa kwanza, iende kwa vikundi vya jamii zilizotajwa na Ibara ya 260. Anayechanga peke yake, awe Nakuru au Doha au Minneapolis, asitume kwa nambari iliyosambazwa tu na mtu asiyemjua. Aulize: kikundi kilikuwepo kabla ya janga? Kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022? Akaunti iko kwa jina la kikundi, na inahitaji sahihi zaidi ya moja? Kuna wanawake kwenye uongozi? Kikundi cha jamii jirani kinakijua? Majibu ya maswali hayo hupatikana kwa simu mbili tatu. Anayepata muda wa kulinganisha bei za televisheni anao muda huo.

Na wanaosimamia mifuko mikubwa watufanyie jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Taarifa zao za mwisho kwa kawaida hutupa tani za unga na idadi ya familia kwa kila kaunti. Waongeze safu moja: vikundi vya wenyeji vilivyopokea pesa, majina ya jamii zao, na kiasi. Kama safu hiyo itakuwa tupu, waichapishe hivyo hivyo ikiwa tupu, waliochanga waione.